Swali la Ishirini na Tatu

Benchi letu liko kwenye kona, nyuma ya hospitali, mkabala na lango dogo linalotoa mashuka machafu na kupokea masafi. Ni ubao mmoja mrefu uliowekwa juu ya matofali, na ukikaa mwisho wake unamwinua mwenzako wa upande wa pili. Hapo tunakutana kila alasiri. Yupo Wanga, dobi, anayenyoosha sare za wauguzi kwa wanga mwingi mpaka zinasimama zenyewe kama zina mtu ndani. Yupo Koma, mwalimu mstaafu, ambaye hata ukipiga chafya atakuonyesha mahali ulipotakiwa kupumzika. Yupo Dakika, fundi wa saa, duka lake hatua kumi kutoka hapa na chumba chake cha kulala nyuma ya duka. Mama Birika ndiye mwenye kahawa, na mimi ni mshona viatu. Kwa kawaida ubishi wetu haumnufaishi mtu. Lakini mwaka ule tulikuwa na kazi. Binti wa Mama Birika, ambaye sisi tulianza kumwita Sista kabla chuo hakijamruhusu, alikuwa ameanguka mtihani wa dawa mara mbili. Ukianguka mara ya tatu, chuo cha uuguzi kinakuaga. Kwa hiyo akaja na kijitabu cha maswali ya mazoezi, nakala ya nakala, kilichopigwa chapa kwa mashine ya zamani, bila jina la mtunzi, ambacho kila darasa humwachia linalofuata. Mmoja wetu anasoma swali, yeye anajibu. Zilikuwa zimebaki siku sita.

Siku hiyo zamu ilikuwa yangu.

— Swali la ishirini na moja, nikasoma. "Mwanamume wa miaka hamsini na miwili, kazi yake kufua na kupiga pasi, anatumia ena... enalipa..."

— Enalaprili, mjomba, akasema Sista. Endelea tu.

— "...kwa ajili ya shinikizo la damu. Kwa miezi mitatu amekuwa na kikohozi kikavu kinachomsumbua zaidi anapolala. Muuguzi afanye nini?"

Wanga alikuwa katikati ya kukohoa. Akakimeza kikohozi kile, macho yakamtoka.

— Soma vizuri, akaniambia. Hapo hapajaandikwa kufua.

— Pameandikwa. Na kupiga pasi.

— Wewe una miaka mingapi, Wanga? akauliza Koma.

— Hayo ni mambo ya ndani.

— Hamsini na miwili, akasema Mama Birika huku akimimina. Tumezaliwa mwaka mmoja, mimi na yeye.

Sista hakutuangalia. Alikuwa amefumba macho, kama anavyofanya akitafuta jibu.

— Kikohozi kinaletwa na dawa, akasema. Si kifua wala si mvuke wa pasi. Mgonjwa asiiache dawa kwa kujiamulia, arudi kwa daktari abadilishiwe. Jibu ni C.

— Mimi nilidhani ni sabuni, akasema Wanga taratibu. Nimebadilisha sabuni mara nne.

— Dawa yako inaitwaje, mjomba?

Wanga akatoa pakiti kwenye mfuko wa shati, akampa bila kuitazama. Sista akasoma, akamrudishia.

— Kesho asubuhi uende kliniki, akasema.

— Ndiyo maana wahenga walisema, penye wengi hapaharibiki neno, akasema Wanga, ambaye hakosi methali. Wagonjwa tuko wengi, neno limenifikia mimi.

— Methali hiyo haihusiki hata kidogo, akasema Koma.

— Inahusika. Wewe ungepatwa ndiyo ungeona inavyohusika.

Tukacheka. Kuna madobi wangapi duniani, na wangapi kati yao wana presha? Tukaliacha hapo. Dakika peke yake hakucheka. Alikuwa amekaa ncha ya benchi, kikombe chake hakijaguswa, anatazama mashuka yaliyoanikwa kwenye kamba ya Wanga.

— Wanga, akasema, siku hizi mashuka yako hayatakati.

— Yana nini?

— Yana njano. Yote. Na sare vilevile.

Sijawahi kuona dobi akitukanwa vile. Wanga alisimama, akavuta shuka moja mpaka puani kwa Dakika. Lilikuwa jeupe hata linaumiza macho. Dakika akalitazama, akatikisa kichwa kama mtu anayemhurumia mwongo.

— Sawa, bwana. Kama unasema ni jeupe, ni jeupe.

Kesho yake Wanga alirudi kutoka kliniki na dawa nyingine, tena ana hamu ya kuona nani anafuata. Zamu ilikuwa ya Koma. Koma husoma akiwa amesimama, kitabu kikiwa mbali na uso, sauti ya mbele ya darasa.

— Swali la ishirini na mbili. "Mwalimu mstaafu, miaka sitini na minane, amepewa dawa ya kulegeza njia ya mkojo. Wiki iliyopita, aliposimama ghafla..."

Akanyamaza.

— Hapo pana koma? akauliza Wanga.

— Pana koma.

— Basi umeshapumzika vya kutosha. Endelea.

— "...aliposimama ghafla bafuni, alianguka, na hakumwambia mtu yeyote."

Koma akakaa. Alikaa taratibu sana, mkono mmoja ukishika ubao. Ndipo nilipoona alama ya bluu iliyokuwa imejificha chini ya mkono wa shati lake, juu kidogo ya kiwiko.

— Mwalimu, akasema Mama Birika kwa sauti ya chini. Ulianguka?

— Niliteleza.

— Ulimwambia nani?

— Sikumwambia mtu. Mke wangu alikuwa sokoni. Nikafuta sakafu, nikabadilisha shati. Hakuna aliyejua. Hakuna, Mama Birika.

Hakuna aliyecheka siku hiyo. Sista akajibu swali lake kama kawaida, lakini sauti ilikuwa imepungua. Mgonjwa akae kwanza ukingoni mwa kitanda, asubiri kidogo, ndipo asimame. Aeleze kliniki kwamba alianguka. Jibu ni A. Koma akaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi.

— Nani ameandika kitu hiki? Wanga akauliza.

— Mtu anayejua kazi yake, Koma akasema. Na anayejua lugha. Sijaona kosa hata moja.

— Mimi naona hospitali inatusikiliza. Kule juu, ghorofa ya tatu, kuna dirisha ambalo pazia lake halifungwi lote. Mtu anakaa pale, anatutazama, anaandika.

— Karatasi ni za zamani, Wanga. Angalia kutu ya pini. Mtu gani aliandika miaka kumi iliyopita kwamba mimi nitaanguka Jumanne iliyopita?

Mama Birika akaongeza mkaa. Dakika akajifuta jasho, ingawa upepo ulikuwa wa baridi.

— Kesho ni zamu yangu, akasema.

— Kama hujisikii, nitakushikia, nikamwambia. Naona hata kahawa hunywi.

— Tumbo tu. Nitasoma.

Akaja kweli. Alivaa miwani yake ya kazini, ile yenye jicho moja la kukuzia, akaisukuma juu ya paji la uso, akakishika kijitabu kwa vidole vya fundi, vidole visivyotetemeka hata akibeba sindano ya saa ya mkono wa mtoto. Akafungua ukurasa. Midomo ikaenda, sauti haikutoka. Akasoma mpaka chini. Akarudia juu.

— Vipi? Wanga akamuuliza. Lina nani?

Dakika akaichana karatasi ile kutoka kwenye pini, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni.

— Swali hili halina maana, akasema. Rukeni.

— Baba Dakika, Sista akasema, nalihitaji. Mtihani ni Alhamisi.

— Utafaulu bila hili, mwanangu.

— Lina nini ndani?

Dakika akageuka kulitazama lile lango dogo la mashuka. Mhudumu mmoja wa hospitali alikuwa anasukuma toroli ndani, magurudumu yakilia.

— Mke wangu niliingia naye kwa lango lile, akasema. Lango kubwa lilikuwa linatengenezwa, wakatupitisha pale na mashuka. Nikatoka peke yangu. Mimi siwezi kuambiwa na karatasi nirudi mle ndani.

Akaondoka. Siku iliyofuata alifungua duka nusu mlango. Nilipomsalimia akajibu kutoka ndani kwamba amelala kidogo, ana saa za watu za kumalizia, tusimhangaikie. Na sisi, badala ya kuingia ndani kumwangalia, tukakaa kwenye benchi na kumjadili. Hilo mpaka leo linaniuma.

— Mimi nawaambia ni mashuka, Wanga alisema. Nimeyafua miaka ishirini na sita. Jasho la mgonjwa linabaki kwenye uzi. Mtu akiweweseka usiku kucha, unadhani maneno yale yanakwenda wapi? Yanaingia kwenye shuka. Shuka linakuja kwangu, nalianika hapa juu ya vichwa vyetu. Kitabu kile kimeandikwa na mtu anayesoma mashuka.

— Ungekuwa umefua maneno, yangetoka na sabuni, Koma akasema.

— Ndiyo maana nilibadilisha mara nne.

— Labda ni wauguzi waliokufa, Mama Birika akasema. Mtu amehudumia miaka arobaini, halafu umwambie apumzike. Atapumzikaje? Anaendelea na zamu.

— Tusifike huko, Koma akasema.

— Wewe una lako, Mwalimu?

Koma alikuwa anachora mstari vumbini kwa ncha ya kiatu.

— Langu ni baya kuliko yenu. Tuseme hakuna anayetutazama. Tuseme kitabu ni kitabu tu. Je, kama hatukuwa na ugonjwa wowote mpaka kiliposomwa?

— Mimi nilikohoa kabla, Wanga akasema haraka.

— Una hakika?

Wanga akahesabu miezi kwa vidole, akaanza upya. Nami nilijaribu kukumbuka siku nilipoanza kusikia kikohozi chake, na nikaona siwezi. Kilikuwa kimekuwepo siku zote, au kilikuja na lile swali. Mawazo ya namna hiyo ukiyaacha yaingie hayatoki.

— Mgema akisifiwa, Wanga akaanza, kisha akaiacha methali njiani. Hajawahi kufanya hivyo tangu nimjue.

Tukakubaliana tusisome tena. Nilichukua uzi wangu wa nta, nikakifunga kijitabu kwa mafundo matatu. Sista akatutazama kama watu waliopungukiwa.

— Wazee wangu, swali ni swali, akasema. Mimi nikiogopa maswali nitakuwa muuguzi wa nani?

Lakini hakukata uzi.

Alhamisi asubuhi, saa tatu kasoro dakika ishirini, alipita kwenye benchi, tulikokuwa tumekuja mapema kumuaga, akiwa na kalamu tatu na kitambulisho shingoni. Mtihani ulikuwa saa tatu. Chuo kiko mwendo wa dakika kumi na tano kwa miguu, na mlango wa ukumbi hufungwa nusu saa baada ya kuanza; ukichelewa hapo umeanguka. Mama yake alimpa kikombe nusu. Sista alikunywa amesimama, akijisomea kwa midomo, anahesabu dawa kwa vidole.

— Dijoksini, alikuwa anasema. Ya moyo. Kabla ya kumpa, hesabu mapigo dakika moja nzima. Yakiwa chini ya sitini, usimpe. Ikizidi mwilini, hamu ya kula inakwisha, kichefuchefu, kuchanganyikiwa, na mgonjwa anaona vitu...

Akaacha kusema. Akageuza kichwa kwenye kamba ya Wanga, mashuka yamepangwa safu nzima, meupe.

— Mjomba, akaniambia, Baba Dakika amefungua leo?

Sote tukatazama. Mlango ulikuwa umefungwa. Ilikuwa saa tatu kasoro, na Dakika hufungua saa moja kamili tangu nimjue.

— Anatumia dawa ya moyo? akauliza.

— Aliwahi kulazwa mwaka jana, si hospitali hii, Koma akasema. Moyo.

Sista akaweka kikombe chini. Mama yake akamshika mkono.

— Mwanangu, wewe nenda. Hawa watamwangalia. Huu ni mtihani wa tatu.

— Wataangalia nini, mama? Hawajui cha kuangalia.

— Nakuomba.

— Dakika tano tu, mama.

Alitangulia yeye. Mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa kwa ndani. Wanga akauinua kwenye bawaba zake kama anavyoinua beseni la nguo zilizolowa, ukatoka mzima.

Chumba kile sijakisahau. Saa zilikuwa kila mahali, za ukutani, za mezani, za mkono zimening'inia kwenye misumari, zote za wateja, zote zikitembea. Hapana mbili zilizopatana. Moja ilisema saa tano, nyingine saa kumi, nyingine ilikuwa inakwenda nyuma. Mlio wake ulikuwa kama mvua juu ya bati. Katikati ya mlio ule Dakika alikuwa amekaa kitandani amevaa nguo kamili, mikono magotini, kama mtu anayesubiri kuitwa. Alitutazama bila kushtuka.

— Mmevaa njano wote, akasema. Kuna harusi?

Sista akapiga magoti, akamshika mkono, akaweka vidole vitatu kwenye kifundo.

— Baba, nakuhesabu mapigo. Usiongee.

Akainua macho ukutani, akashusha. Hakukuwa na saa hata moja ya kuamini. Koma akamshikia simu yake, akaifungua mahali pa kuhesabu sekunde. Tukasimama. Dakika moja ni ndefu, ukiisikia ikihesabiwa na saa arobaini kwa mpigo. Sista hakuhesabu nusu dakika akazidisha mara mbili. Alihesabu yote, mpaka mwisho, huku muda wake wa mtihani ukipita.

— Thelathini na nane, akasema.

Mezani palikuwa na pakiti tatu za dawa, moja ya kukojosha. Zile nyingine mbili akazishika, moja mkono huu, nyingine mkono ule, akazisogeza karibu na mwanga.

— Baba, hii unameza lini?

— Asubuhi. Ya hospitali.

— Na hii?

— Jioni. Nilinunua duka la dawa kabla sijalazwa. Ilikuwa imebaki nyingi.

— Hizi ni dawa moja. Majina ya kibiashara ndiyo yametofautiana. Umemeza mara mbili, siku ngapi?

Dakika akafikiri. Uso wake ulikuwa wa mtu anayetafuta skrubu aliyoidondosha gizani.

— Si nimejibu? akasema. Nimejibu pale.

Chini ya pakiti palikuwa na ile karatasi, imekunjuliwa. Mimi ndiye niliyeisoma, kwa sauti, kwa kuwa Sista aliniomba. "Swali la ishirini na tatu. Mgane wa miaka sitini na mitatu, fundi wa saa, anameza dijoksini asubuhi na jioni kutoka pakiti mbili zenye majina tofauti, pamoja na dawa ya kukojosha. Kwa siku tano hana hamu ya kula, anatapika, na vitu vyeupe anaviona vya njano. Muuguzi afanye nini?" Yalifuata majibu manne. Jibu la B lilikuwa limezungushiwa duara kwa kalamu ya risasi, duara safi la mkono wa fundi. B ilisema: "Mwambie apumzike nyumbani, aendelee na dawa zote mpaka tarehe ya kliniki."

Alikuwa amekaa peke yake na swali lake, akalijibu, akakosea. Akafuata jibu lake.

— Toroli, Sista akasema.

Wanga akaleta toroli lake la nguo, akatandika mashuka mawili. Tulipomwinua, Dakika alifahamu tunakwenda wapi, akashika ukingo wa mlango.

— Si kwa lango lile, binti yangu.

— Ndilo la karibu, baba.

— Nilitoka peke yangu.

— Leo hutoki peke yako. Mjomba Wanga atakaa na wewe. Hataondoka hata wakimfukuza. Si ndiyo, mjomba?

— Wanifukuze na nani awafulie? Wanga akasema.

Dakika akaachia mlango.

Tukapita lango la mashuka, sisi wanne tukisukuma. Katikati ya njia mkanda wa kiatu cha Sista ukakatika. Akakitupa, akaendelea mguu mtupu. Mapokezi walimuuliza yeye ni nani. Akawaambia umri wa mgonjwa, dawa zote tatu, kiasi cha kila moja, mapigo, siku za njano. Muuguzi aliyekuwa zamu alianza kuandika kabla hajamaliza kuuliza. Daktari akaja, akamsikiliza mpaka mwisho, hakumkatiza hata mara moja. Wakamvalisha Dakika nyaya kifuani. Nilipotazama saa ya ukutani mle ndani, ambayo ilikuwa ya kuaminika, ilikuwa saa tatu na dakika kumi.

Nilikimbia kwenye kibanda changu. Sikuwa na kiatu chake tayari, nikachukua jozi ya mteja, imezidi namba moja, nikamvalisha pale pale langoni, nikakaza kamba kwa nguvu zangu zote.

— Nenda sasa.

Akakimbia. Mama yake alisimama kwenye kona mpaka alipopotea, kisha akakaa kwenye benchi, akajifunika uso kwa kanga. Jiko likazimika na hakuna aliyekumbuka kuliwasha.

Baadaye Sista alitueleza kwamba msimamizi alikuwa ameshashika kitasa. Zilikuwa zimebaki dakika tatu. Msimamizi akatazama kile kitambulisho kilichogeuka mgongoni, akatazama viatu vikubwa, akasogea pembeni. Aliandika mpaka kengele ya mwisho. Dijoksini haikuulizwa mahali popote. Waliuliza habari za insulini, za dawa za kifua kikuu, na namna ya kupiga hesabu ya matone. Alifaulu kwa hamsini na nne, na kiwango cha kufaulu ni hamsini. Siku majibu yalipobandikwa, Mama Birika aligawa kahawa bila kusema sababu, na watu walikunywa bila kuuliza.

Dakika alikaa wodini siku tisa. Wanga alilala chini ya kitanda chake zile mbili za kwanza, kwenye mashuka aliyoyafua mwenyewe. Alipotoka, Dakika alipita lango lile dogo kwa miguu yake, amekonda, mkono mmoja begani kwa Wanga, akafika kwenye benchi na kuomba kikombe.

— Mashuka yakoje leo? Wanga akamuuliza.

Dakika akayatazama kwa muda mrefu.

— Ni meupe, akasema. Samahani, ndugu yangu.

Karatasi yake tuliirudisha mahali pake, nikaipiga pini, nikafunga tena uzi. Sista alisema kijitabu kiende kwa darasa linalofuata, ndivyo ilivyo desturi. Koma akasema kichomwe. Tulikuwa tunabishania hilo, alasiri moja tulivu, kijitabu kikiwa juu ya benchi katikati yetu, alipofika mama mmoja mzee aliyetoka kliniki, ameshika mkongojo na kadi ya miadi. Hatukuwa tunamjua. Akasalimia, tukampa shikamoo zake, tukamsogezea nafasi. Akaomba kahawa nyepesi. Alipokaa akaona kijitabu.

— Haiwezekani, akasema, huku akitabasamu. Bado kinatembea?

— Unakijua, bibi? Sista akamuuliza.

— Ni changu. Nilifundisha dawa pale chuoni mpaka nilipostaafu, miaka kumi na moja sasa. Hii ni mashine yangu ya chapa, ona herufi ya t inavyoshuka chini ya mstari. Iko nyumbani kabatini, haina hata utepe.

Wanga akashusha pumzi kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Koma akanyoosha mgongo. Kumbe kulikuwa na mtu, tena mtu mwenye sura, mwenye miguu inayouma kama ya kwetu.

— Basi utuambie, bibi, Koma akasema. Uliwapata wapi wagonjwa wako? Dobi, mwalimu, fundi wa saa?

— Fundi wa saa gani?

Sista akakata uzi kwa meno, akampa. Mama yule akavaa miwani, akafunua kurasa za mwanzo haraka haraka, akitikisa kichwa kama mtu anayesalimiana na watoto wake. Alipofika katikati akapunguza mwendo. Akasoma la dobi. Akasoma la mwalimu. Akasoma la mgane na lile duara la kalamu ya risasi. Kisha akaendelea mbele, kwenye yale ambayo sisi hatujayasoma, ukurasa mmoja, wa pili, wa tatu, midomo imefungwa, na kila alipomaliza moja aliinua macho akatutazama mmoja mmoja, kuanzia kwa Mama Birika mpaka kwangu.

Akakifunga, akakiweka magotini.

— Mimi niliandika maswali ishirini, akasema. Haya mengine kaandika nani?